Koki ya Pili

Injini ilinguruma kwa dakika kumi na moja, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1973, baada ya kulala miaka arobaini. Aksel Ravnholt alikuwa peke yake bandani, kofia ameirudisha kisogoni, saa mkononi, anatabasamu kama bwana harusi. Ndani ya nyumba binti yake Dagny alikuwa akioka bata mzinga. Aliposikia mngurumo alijifuta mikono, akatoka na aproni yake, akapanda hadi mlangoni mwa banda na kusimama hapohapo kizingitini, maana katika miaka yake thelathini na tisa alikuwa ameshaujua mpaka wake. Aksel alikiona kivuli chake sakafuni. Hakumwita. Alizima injini, akafunga mlango, wakaenda kula, na kabla pai ya maboga haijakatwa alijishika kifua na kuanguka pamoja na kiti.

Gari lenyewe lilikuwa Halvard Sita la mwaka 1929. Usijiumize kichwa kulikumbuka, kwa sababu nje ya mji wetu wa Osterby hakuna anayelikumbuka. Kiwanda cha Halvard kilikuwa pale chini kando ya ziwa. Kilifungwa mwaka 1933, na magari yake mengi yakaja kuyeyushwa wakati wa vita. Lililobaki zima lilikuwa hilo moja, ambalo Aksel alilitoa kwenye banda la kuku la mkulima mmoja na kulihangaikia miaka kumi na moja. Bloku yake, yaani mwili wa chuma wa injini, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Aksel aliandika barua mpaka California na mpaka Saskatchewan kuulizia nyingine, na kote alijibiwa kwa upole kwamba hakuna.

Kwa habari za silinda sita mzee huyu alikuwa hachoki. Alikuwa akikunasa kanisani baada ya ibada, kikombe cha kahawa mkononi, na kukuanzia mwanzo kabisa. Jinsi injini za silinda nne zilivyowatikisa abiria mpaka meno yakagongana. Jinsi mafundi walivyoongeza mbili wakapata mwendo laini, lakini krenki, ile fimbo nene inayozungushwa na silinda, ikawa ndefu mno, ikajipinda na kukatika njiani, hadi walipogundua kuifunga gurudumu dogo la kuituliza mbele. Jinsi katika miaka ya ishirini kila mwenye heshima zake alitaka sita, na kufikia mwaka 1929 hata muuza misumari akaweza kuipata. Kisha, mwaka 1932, ikatoka Detroit ile silinda nane ya bei ya chini, na hapo Aksel aliishusha sauti kama anayesimulia msiba wa ukoo. Baada ya vita watu wakawa wanaimba nane, nane, nane, na sita zikaachiwa madereva wa teksi na walimu wajane. Lakini vuli ile, mafuta ya ng'ambo yalipozuiwa, foleni za petroli zikazunguka mitaa na vituo vikafungwa Jumapili, wale waliokuwa wakitamba na nane zao walianza kuulizia sita kimyakimya. Aksel akatembea mjini kifua mbele, utadhani ni yeye aliyefunga mabomba.

Kusimulia, sawa. Kufundisha, hapana.

Alijiunga na Halvard akiwa na miaka kumi na minane, kwenye sehemu ya kusubu chuma, akiwa mtengeneza viini. Bloku ya injini ina uwazi ndani yake ili maji yapite na kuzipoza silinda, na uwazi huo hauchongwi. Unaumbwa kwa kiini, yaani mchanga uliokandwa na mafuta na kuokwa, chuma cha moto kinamiminwa kuuzunguka, kisha mchanga unavunjwa na kutikiswa utoke. Kila mtengeneza viini alikuwa na mkando wake, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Mtu akikaribia meza yako, unamgeuzia mgongo. Mwaka 1930 kazi zilipopungua, Niels Brask, ambaye roho yake ilikuwa nzuri kupita kiasi, alimfundisha mgeni mmoja mkando wake. Mwezi uliofuata mgeni yuko mezani na Niels yuko nje ya lango. Aksel aliliona hilo kwa macho yake na likamkaa. Ubaya ni kwamba alilibeba mpaka nyumbani, ambako hakuna aliyetaka kumnyang'anya kazi.

Na huyo Dagny, jamani, alikuwa fundi wa kuzaliwa. Alitengeneza taipureta kwenye duka la mashine za ofisi, na akisikia tu mlio anakwambia ni herufi gani imekwama. Alipokuwa mdogo aliomba kushika spana, baba yake akamgeuzia mgongo. Akaomba tena alipomaliza shule. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka aliozikwa mama yake, nyumba ikiwa imebaki na watu wawili tu, na Aksel alimwambia akaangalie jiko. Dagny akaenda kuangalia jiko. Hakuomba tena.

Siku ya tano ya kulazwa kwa Aksel hospitali, redio ya wodini ilisema kwamba baridi kali inashuka kutoka Kanada. Aksel akakaa kitako kitandani, waya zikamvuta kifuani. Ndani ya injini mlikuwa na maji. Hakuwa mtu wa kutia dawa ya kuzuia maji yasigande. Aliamini inapenya gasketi na kula beringi zake za madini laini. Alitia maji ya mvua, ya kumwagwa siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo ndiyo aliyoanguka. Akaomba simu kama anayeomba roho yake. Muuguzi mmoja mnene mwenye subira, Loretta, akamletea na kumshikia waya.

"Dagny, injini ina maji."

"Baba? Wewe si umeambiwa upumzike?"

"Nisikilize. Panda bandani. Chini ya rejeta kuna koki. Ifungue, maji yamwagike mpaka yaishe, uiache wazi. Usiguse kitu kingine."

"Sigusi, baba. Daktari amesemaje leo?"

"Nenda sasa hivi," alisema, akakata simu.

Loretta, kwa adabu tu, akamuuliza hiyo koki inayomtoa jasho ni kitu gani. Mgonjwa akasahau kifua chake. Akamweleza kwamba ziko mbili. Ya chini ya rejeta kila mjinga anaijua. Ya pili imejificha ubavuni mwa bloku, nyuma kule, chini ya bomba la moshi, na huioni mpaka upige magoti. Usipoifungua hiyo, maji yanabaki yamezizingira silinda za nyuma, na baridi ikija yanaganda, yanavimba, yanapasua chuma. Alisema watu wengi wamezipasua injini zao hivyo, watu wenye kujiita mafundi. Alikuwa na raha kusema hayo. Loretta akamfunika blanketi, akasema kweli kila siku mtu anajifunza jambo. Jioni ujumbe ukaja kutoka kwa Dagny kwamba imetoka ndoo nzima ya maji na nusu juu yake, na sasa pamekauka. Aksel akalala usingizi mzuri.

Alikaa hospitali wiki mbili na nusu, na huko, kwa kukosa la kufanya, alifikiri. Daktari alikuwa amemwambia asinyanyue tena kitu kizito kuliko birika. Sasa nani angefunga kichwa cha injini? Nani angeiwasha mwezi wa Mei, wazee saba waliobaki wa Halvard watakapokusanyika, kama alivyowaahidi? Jina likaja lenyewe, na likamchoma, maana lilikuwa limekaa kizingitini miaka yote hiyo likisubiri kuitwa. Akaamua. Atamfundisha Dagny kila kitu, viini, valvu, kabureta, yote, na gari litakuwa lake. Akaanza kupanga wodini somo la kwanza litakuwa lipi na la pili lipi. Alipata furaha aliyoionea haya mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani mtu amtazame anapofanya kazi.

Siku ya kutoka, Dagny alikuja kumchukua na gari lake dogo. Njiani Aksel alitazama theluji, akakohoa mara mbili tatu, kisha akamwambia kesho wapande bandani pamoja, na alete spana zake. Dagny aliendesha mpaka taa nyekundu ya mtaa wa kwao, na hapo baba yake akaona midomo yake inatetemeka.

"Zangu ni ndogo, baba," alisema. "Ni za taipureta."

"Zitafaa kuanzia."

Kesho yake asubuhi alimkalisha baba yake juu ya kigoda, blanketi magotini, kofia ya masikio kichwani. Spana zake alikuwa amezifunga katika kitambaa safi. Aksel alimwambia afungue boneti yeye mwenyewe. Dagny akaifungua, akasimama akitazama, akasema ni nzuri, na baba yake akajisikia kama kijana. Akaanza somo. Akamwonyesha silinda moja baada ya nyingine, akamweleza zinavyopokezana kuwaka, ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili, ya nne. Dagny akayarudia mara moja bila kukosea. Akauliza kwa nini wasiziwashe tu kwa mfuatano, na kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe kwamba mbili za jirani zikifuatana krenki itajipinda. Lile jambo Aksel mwenyewe lilimchukua mwaka mzima kulielewa. Akawaza, miaka yote hii, mpumbavu mimi, miaka yote hii.

Dagny alikuwa ameinama, tochi mkononi, anaufuata ubavu wa bloku kwa kidole.

"Baba, huu mstari ni wa kiwandani?"

"Mstari gani?"

"Huu hapa. Unaanzia chini unapanda. Kuna kutu kidogo."

Aksel alijua kabla hajasimama. Alisimama, blanketi likaanguka, akaja akatazama. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, ulianzia chini ubavuni, ukapanda, ukapinda kuelekea silinda ya tano, ukapotea chini ya kichwa cha injini. Kizibo kimoja kidogo cha bati cha ubavuni kilikuwa kimesukumwa nje, na nyuma yake barafu ilikuwa bado imejaa, nyeupe, imetulia. Akapiga magoti, daktari au hakuna daktari, akapeleka mkono nyuma, chini ya bomba la moshi. Koki ya pili ilikuwa imefungwa.

Ufa wa ubavuni peke yake ungeshonwa. Wako mafundi Milwaukee wanaoshona chuma kwa misumari midogo, kazi safi. Lakini huu ulikuwa umeingia kwenye ukuta wa silinda, na hakuna aliyeujua ukuta ule kuliko yeye, kwa sababu uwazi wa nyuma yake aliuumba mwenyewe kwa mchanga, na pale kwenye ya tano chuma ni chembamba kuliko mahali pengine pote. Pale hakuna wa kushona. Injini ilikuwa imekufa. Dunia nzima ilikuwa imebakiwa na moja, na sasa haikuwa na hata moja.

Alibaki amepiga magoti. Alimkumbuka Loretta. Alikumbuka neno kwa neno alivyomweleza mwanamke yule asiye na gari wala haja ya kujua, nyuma kule, chini ya bomba la moshi, upige magoti. Akakumbuka pia alichomwambia binti yake. Koki moja, na asiguse kitu kingine.

"Baba, imefanyaje?" Dagny aliuliza nyuma yake. "Ni baridi? Si nilimwaga maji?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na ilikuwa pana, mtu angepita na mkokoteni. Sentensi moja tu ilitosha. Ndugu zangu, nimemjua Aksel Ravnholt tangu utotoni mwangu na sikuwahi kumsikia akidanganya, hata juu ya umri wa gari. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea kwenye injini ile, na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia.

"Ulifungua zote mbili?" akauliza, bila kugeuka.

"Mbili zipi?"

"Koki. Ya rejeta na ya ubavuni."

Dagny akaishusha tochi.

"Ulisema ya rejeta, baba."

"Na ya ubavuni. Nyuma, chini ya bomba la moshi, upige magoti. Nilikwambia zote mbili."

Alijisikia akisema. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu mgonjwa aliyechoka, na lilikuwa jambo rahisi kuliko alivyodhani. Akamsubiri abishe. Aliomba abishe. Kama Dagny angesema hapana, baba, hukuniambia, nakumbuka vizuri, basi angekubali, angelia, wangelia wote wawili kwenye sakafu ile ya baridi. Lakini Dagny alikuwa amejishika kichwa. Alikuwa hajalala siku zile, alisema; simu ilikuwa inakwaruza; alikuwa anawaza juu ya moyo wa baba yake tu, kama atakufa. Na baba yake hakuwahi kukosea kwenye injini ile.

"Basi nilisahau mimi," alisema. "Ee Mungu wangu. Nilisahau mimi, baba. Nisamehe."

Aksel akashika ukingo wa gari akajiinua. Aliutazama uso wa mwanawe, na akaona kwamba akinyamaza kwa muda mfupi tu, jambo litakuwa limekwisha.

"Nimekusamehe," akasema.

Dagny alizikusanya spana zake moja moja, akazifunga katika kile kitambaa. Alimwambia kwamba hatagusa tena kitu chake chochote, asiwe na wasiwasi. Akafunga boneti kwa mikono miwili, taratibu, akamshika baba yake mkono wakashuka nyumbani kwenye theluji, na njia nzima alikuwa akiangalia asiteleze.

Krismasi ikaja ikapita. Kila asubuhi Aksel aliamka akiwa ameazimia kusema, na kila asubuhi Dagny alimletea dawa na uji wa shayiri, akamuuliza amelalaje, na azimio likamfia mdomoni. Alimtunza kuliko zamani. Alimtunza kama mtu anayelipa. Bandani hakupanda tena, hata kuchukua koleo la theluji, na jioni moja aliporudi kutoka dukani alisema kwamba ameomba ahamishiwe mezani, kwenye kupokea wateja, kwa sababu siku hizi haamini mikono yake. Aksel alisikia hayo akiwa na kijiko mkononi. Alitaka kufa. Hakufa, akamaliza supu yake, na siku iliyofuata ukweli ulikuwa mzito zaidi kuubeba kuliko jana yake.

Jumapili moja ya Januari, Orville Teague alikuja kwa miguu, maana vituo vya petroli vilikuwa vimefungwa na yeye ni mmoja wa wale wenye nane. Huyu na Aksel walimimina chuma pamoja Halvard, na ndiye mwenye maneno kati ya wale wazee saba. Alileta kringle, ule mkate mtamu wa Kidenmaki, iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa ameshasikia habari, mji mzima ulikuwa umeshasikia, lakini alitaka kusikia kwa mwenyewe, kwa hiyo alikunja miguu, akakoroga kahawa yake kwa muda mrefu, akasema kwamba kwa kweli haelewi.

"Wewe, Aksel? Wewe wa kuacha maji? Ningeambiwa pasta ameiba sadaka ningeamini kwanza."

Aksel alifungua mdomo. Mbele ya Orville, pengine, mbele ya mtu wa kiwanda anayejua maana ya koki, pengine hapa ingewezekana. Lakini Dagny alimtangulia.

"Si baba, mzee Orville. Ni mimi," alisema, akaweka birika chini. "Alinipigia simu kutoka hospitali akaniambia koki mbili. Nikafungua moja."

"Labda hukusikia, binti. Simu za hospitali zile."

"Nilisikia." Alikuwa akimtazama Orville usoni, bila kuficha kitu. "Hata sasa naisikia sauti yake ikisema, na ya ubavuni, Dagny, nyuma kule, chini ya bomba la moshi, upige magoti. Alinieleza vizuri kabisa, na hali yake ile. Mimi ndiye nilisahau."

Aksel alimtazama, akitafuta kama anamkinga tu, kama kuna mahali usoni pake panapojua. Hapakuwa na mahali. Alikuwa anasema kitu anachokikumbuka.

Orville akatikisa kichwa, akampigapiga Dagny mgongoni, akasema yameshapita hayo, chuma ni chuma, na baba yake hana kinyongo naye.

"Najua," Dagny alisema. "Alinisamehe palepale."

Akachukua kisu akakata kringle, kipande cha kwanza akampa baba yake, na Aksel akakipokea, akala.